Mama ana kadi ya basi ya bure Uingereza, lakini haitaki: nifanyeje?

«Mama yangu ana miaka 68, mwenyeji wa Tanga, anaishi nasi huku Midlands ya Mashariki mwaka wa tatu sasa. Alikuja kwa viza ya mzazi tegemezi. Mwaka jana nilimwombea kadi ya basi ya wazee, ikaja, akaitumia siku moja tu. Alitoka saa mbili asubuhi kwenda sokoni, dereva akamwambia maneno asiyoyaelewa, foleni nyuma yake ikaanza kuguna, akashuka akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo kadi iko ndani ya mkoba. Anasema hataki vya bure vya watu. Halafu shoga yake wa msikitini akamwambia kadi hiyo ni msaada wa serikali, inaandikwa, na siku moja itamharibia makaratasi. Mume wangu anaona bora tuhamie London, tunasikia huko wazee wanapanda hata treni bure. Je, ni kweli kadi inaweza kumletea matatizo? Na nifanyeje atoke ndani? Anazeeka mbele ya televisheni.»

Pole dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Umeuliza mambo mawili, lakini nikisoma barua yako naona matatu yamefungwa kwenye furushi moja: hofu ya makaratasi, aibu ya siku ile kwenye basi, na hili la tatu ambalo hukulitaja, kwamba mama hana hasa pa kwenda. Nianze na linalomnyima usingizi.

Kadi ya basi haitamharibia makaratasi. Sheria za uhamiaji za Uingereza zinapomkataza mtu kugusa «fedha za umma», hazikusudii kila kitu kinacholipiwa kwa kodi. Kuna orodha. Ndani yake zimo posho mbalimbali za kujikimu, za watoto, za ulemavu na uangalizi, na nyumba za halmashauri. Kadi ya basi ya wazee haimo. Shule za serikali hazimo pia, wala matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ingawa vyote hivyo vinatoka kwenye mfuko wa kodi. Anayetoa kadi anaangalia mambo mawili tu: umri wako, na kama makazi yako makuu yako ndani ya eneo la halmashauri yake. Haulizi kipato, wala huhitaji kuwa na pensheni ya nchi hiyo. Bibi wa Tanga na jaji mstaafu wa Nottingham wanapata kadi ile ile.

Ila shoga yake hakuota tu. Hofu ya namna hii mara nyingi huanzia kwenye kisa cha kweli cha mtu mwingine. Mzazi aliyekuja kutembea kwa viza ya miezi sita, nyumba yake iko Korogwe na tiketi ya kurudi anayo mkononi, hana makazi makuu Uingereza. Mwanawe akimjazia fomu kwamba anaishi hapo, kosa liko kwenye lile tamko la uongo, na uongo kwenye fomu za serikali hausahauliki. Mama yako ni mkazi, kwa hiyo hilo halimhusu. Kama viza yake ina sharti ambalo hulielewi vizuri, chukua barua zake zote umwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na mamlaka inayosimamia kazi hiyo, iitwayo Immigration Advice Authority tangu Januari 2025. Masuala ya viza hayamalizwi kwenye baraza la msikiti, na mimi mwenyewe sioni karatasi zake nikiwa huku.

Sasa ile saa mbili asubuhi. Mama alifanya jambo la busara kabisa kwa kanuni za Tanga, ambako ukienda sokoni saa nne unakuta samaki wazuri wameshachukuliwa. Lakini kadi ya England (ndiyo sehemu ya Uingereza mnayoishi, tofauti na Wales na Uskoti), kwa kanuni ya taifa, inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na inakoma saa tano usiku. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa inafanya kazi kutwa. Halmashauri ikipenda inaweza kuongeza saa kwa fedha zake, baadhi hufanya hivyo, kwa hiyo angalia tovuti ya halmashauri yenu. Saa mbili asubuhi dereva alikuwa anamwambia bila shaka kwamba bado mapema, alipe nauli au asubiri.

Na si yeye peke yake. Jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba madereva wa huko wana jina la utani kwa wazee wanaofika kituoni kabla ya wakati: wanawaita twirly. Ni ile sentensi ya «nimewahi mno?» kwa Kiingereza, too early, ikisemwa haraka na bibi mwenye kikapu hadi ikageuka neno moja. Mwambie mama kwamba wazee wazawa wenyewe, waliozaliwa mtaa ule, wanasimamishwa mlangoni kila wiki kwa kosa lile lile. Nimeona aibu ya namna hii ikipungua nusu mtu anapojua kwamba kosa lake tayari lina jina la utani.

Kwa nini saa tatu na nusu? Kwa sababu kabla ya hapo mabasi yamejaa wafanyakazi na wanafunzi wanaolipa. Abiria wengi wa bure wakiongezeka saa ile, kampuni italazimika kuongeza mabasi, na gharama ya basi la ziada ni kubwa kuliko ya kiti kilichokuwa kitupu saa tano mchana. Siku ambayo mama ana miadi ya hospitali asubuhi, alipe tu: tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya England haivuki paundi 3. Arudi kwa kadi.

Hili la «vya bure vya watu» ndilo ninalotaka tukae nalo kidogo, maana nadhani hapo ndipo kufuli lilipo. Mama zetu wamelelewa kuogopa cha bure. Cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe siku moja atakusimanga. Ukimwambia «mama, ni bure, panda tu» unamwongezea mzigo. Mweleze basi jinsi fedha inavyozunguka, kwa mfano anaoujua.

Bila shaka amewahi kuona wanafunzi na daladala. Serikali imepanga mwanafunzi alipe shilingi 200, mtu mzima alipe zaidi. Tofauti ile nani anamrudishia mwenye gari? Hakuna. Ndiyo maana konda akiona sare za shule anageuza uso, anajifanya gari limejaa, anaruhusu wawili tu. Konda si lazima awe na roho mbaya. Hesabu ya jioni inamngoja, na kila mwanafunzi ni pengo kwenye hesabu hiyo. Mama alipomwona yule dereva amekunja uso, akili yake ilimrudisha kwa konda: huyu hanitaki kwa sababu silipi.

Huko mambo yamepangwa kinyume. Mama akigusisha kadi kwenye mashine, safari ile inaandikwa, na halmashauri inamlipa mwenye basi. Kanuni yao ni kwamba kampuni isipate faida wala hasara kwa kuwabeba wazee. Hailipwi nauli kamili kwa kila kichwa, maana wanajua baadhi ya wazee wasingetoka kabisa kama wangelipa mfukoni, hivyo wanapiga hesabu ya safari zipi zingekuwepo hata bila kadi, wanaongeza gharama halisi ya kubeba hao wa ziada. Makampuni na halmashauri wanavutana juu ya hesabu hiyo miaka nenda rudi, na yako makampuni yanayosema yanapunjwa. Ugomvi huo ni wao. Linalomhusu mama ni hili: nauli yake inalipwa. Dereva anasisitiza aguse mashine kwa sababu mzee asiyeandikwa ni mzee asiyelipiwa. Na njia ambayo wazee wake wamekaa nyumbani huonekana kwenye vitabu kama njia isiyo na abiria, na njia za namna hiyo ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana. Mama akipanda, analisaidia basi la mtaa wenu libaki.

Tena haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 halmashauri ya jiji la Birmingham, iliyokuwa ikiendesha mabasi yake yenyewe, iliamua kuwabeba wazee bure. Mlipa kodi mmoja akaenda mahakamani kulalamika kwamba fedha zake zinatolewa zawadi, na akashinda! Mahakama ya Rufani ikasema halmashauri haikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Ikabidi Bunge litunge sheria mwaka 1955 kuiokoa mipango ya aina hiyo iliyokuwa imeshaanza. London walianza ya kwao mwaka 1973. Kwa England nzima kadi moja inayokubalika toka pwani hadi pwani ilianza tarehe 1 Aprili 2008. Wales walishatangulia 2002 na Uskoti 2006. Huko wanaanza na miaka 60 na hawana habari ya saa tatu na nusu. (Kadi ya mama ni ya England tu, msije mkapanga safari ya Edinburgh mkiitegemea.) Watu wamegombana miaka hamsini hadi bibi apande basi saa tano mchana bila kufungua pochi. Hiyo si sadaka ya mtu.

Kwa wasomaji wengine wenye wazazi wadogo kidogo: England umri wa kadi umefungwa kwenye umri wa pensheni ya serikali. Ulikuwa 66, na kati ya 2026 na 2028 unapanda hatua kwa hatua hadi 67. Aliyezaliwa tarehe 6 Machi 1961 au baada ya hapo atangoja walau hadi 67. Mwenye ulemavu hangojei umri. Asiyeona au mwenye uoni hafifu, kiziwi, asiyeweza kusema, mwenye shida kubwa na ya muda mrefu ya kutembea, na wengine waliotajwa kwenye Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000, wanapewa kadi yao, na halmashauri nyingine huwaruhusu kuitumia tangu alfajiri au huwaongezea msindikizaji. Kama magoti ya mama yana hali mbaya kweli, uliza hilo.

Turudi mlangoni mwa basi, maana nina wasiwasi kwamba saa haikuwa shida yote. Nje ya London, hata mwenye kadi huulizwa anakwenda wapi, ili safari iandikwe. Na kwa Midlands ya Mashariki swali hilo huja na neno moja mwishoni: «Where to, duck?» Duck ni bata. Watu wa huko huita kila mtu bata, mwanamume kwa mwanamke, kwa upendo kabisa, kama sisi tunavyosema «mpenzi» kwa muuza nyanya. Mtu wa Pwani aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba, anaulizwa jambo asilolielewa, mbele ya foleni, na kijana wa umri wa mjukuu anayemwita bata. Muulize mama taratibu kama ndilo lililotokea. Akicheka, umeshapata ufunguo.

Dawa ya swali hilo ni ndogo. Mama hahitaji Kiingereza, anahitaji jina la kituo. Muandikie majina matatu kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa, aiweke pamoja na kadi ya basi kwenye kile kifuko cha plastiki: soko, msikiti, nyumbani. Aseme jina, au aonyeshe karatasi, aguse mashine, asubiri mlio. Jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi: basi halisimami kwa kuwa tu umesimama kituoni. Unyooshe mkono. Na akiwa ndani hakuna wa kumpigia kelele «shusha!», kuna kitufe kwenye nguzo, akibonye kabla ya kituo chake.

Akae viti vya mbele, ni vya kwake. Muhimu kuliko yote, asianze kutafuta kiti basi likiwa linaondoka, maana wazee huumia sana kwa kuanguka ndani ya basi linapokaza breki au kukata kona. Asiogope kumwonyesha dereva kwa mkono kwamba bado hajakaa. Mabasi ya njia za kawaida yote yalitakiwa yawe ya sakafu ya chini au yenye njia ya kiti cha magurudumu kufikia Januari 2017, na mengi yanaweza kuinamishwa upande wa mlango. Aonyeshe miguu yake, dereva atalishusha.

Kisha pa kwenda. Hapa watoto wengi hukosea kwa nia njema. Wanampa mzazi kadi, ramani na somo zima, halafu wanamwambia «sasa uko huru». Huru aende wapi? Kule Tanga mama hakuwa «anasafiri». Alikuwa anakwenda kwa fulani kumjulia hali, kwenye msiba, kwenye arusi, kununua nazi, na njiani anasalimiana na watu kumi. Mpe sababu, si kadi. Mkabidhi kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli: mihogo na bamia za Jumanne, au kumchukulia shoga yake dawa. Shoga yake huyo huyo wa msikitini. Wakipanda wawili, hofu ya makaratasi itaishia huko huko ilikoanzia.

Na usidharau safari isiyo na kazi. Watafiti wa afya waliowahoji wazee wa London, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, walikuta kwamba basi lenyewe ni mahali: watu wanapanda ili waone mji, wasikie sauti za watu, wawe miongoni mwa wengine bila kulazimika kukaribishwa na mtu. Mwaka 2012 uchunguzi mwingine wa takwimu za safari za England ulikuta wenye kadi wana uwezekano zaidi wa kutembea kwa miguu mara kwa mara. Ukifikiri, inaeleweka: kila safari ya basi ina miguu huku na miguu kule. Namfahamu mzee mmoja wa Mombasa ambaye kila Alhamisi hupanda basi la ghorofa hadi mwisho wa njia, ananunua chai, anarudi nalo. Nilimuuliza anafuata nini. Akaniambia, «Nakwenda barazani.» Baraza lake liko ghorofani, kiti cha mbele kabisa, na hapendi mtu amkalie.

Sasa London. Ni kweli kadi yao, Freedom Pass, ina nguvu zaidi: basi, treni za chini ya ardhi, tramu, Overground (treni za mjini za juu ya ardhi), na baadhi ya treni nyingine. Siku za kazi haifanyi kazi kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa tatu asubuhi. Anayestahili ni mwenye umri wa pensheni ambaye makazi yake makuu yako kwenye mojawapo ya halmashauri za London. Mkihamia, kadi ya sasa mnairudisha mnaomba hiyo. Lakini kuhamia kwa ajili yake? Kodi ya nyumba ya mwezi mmoja London ingemlipia mama nauli za miaka. Tena kadi aliyonayo inakubalika kwenye mabasi ya London akija kutembea mchana. Amwonyeshe dereva tu, maana mashine za kule huwa hazisomi kadi za nje. Kwenye treni za chini ya ardhi haimsaidii. Mabasi ya safari ndefu baina ya miji nayo kwa kawaida hayamo.

Ningekushauri kuhama kwa sababu moja tu, nayo haina uhusiano na kadi: kama mnaishi mahali ambako basi ni moja kwa saa mbili na Jumapili hakuna. Kadi ya bure kwenye kituo kisicho na basi ni plastiki. Vijiji vingi vya England viko hivyo. Hapo kabla ya kufikiria London, fikiria nyumba iliyo karibu na njia kuu ya basi katika mji huo huo mliopo, na uliza halmashauri kuhusu gari dogo la jamii linalowafuata wazee nyumbani.

Usimruhusu mtu kuazima kadi yake, hata jirani mwema mwenye haraka. Ina picha, itanyang'anywa, na kesi itakuwa ya wote wawili. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Halmashauri nyingine hazitumi mpya bila kuombwa.

Kuna hali ambazo maneno yangu hayatoshi. Ukimsindikiza mara nne, tano, na bado anapotea kwenye njia aliyoizoea, au anasahau amepanda kwenda wapi, usimkemee na usiongeze karatasi za maelekezo: mpeleke kwa daktari wenu. Vivyo hivyo akianza kuyumba, au akiwa ameshaanguka ndani ya nyumba. Na ikiwa haendi popote, halali vizuri, amekata hamu ya chakula, hataki hata simu za kutoka nyumbani, basi kukaa mbele ya televisheni kumekuwa dalili, na daktari anapaswa kulisikia kwa mkalimani wa hospitali, siyo kwa kupitia wewe. Mama hawezi kumwambia daktari kwamba ana huzuni wakati mwanawe ndiye anayetafsiri.

Kama hayo hayapo, anza Jumamosi hii. Jumamosi hakuna aliyewahi mno, hata akitaka kutoka saa mbili yake. Nendeni wawili, sokoni, msibebe mambo mengi. Kituoni mwache anyooshe mkono yeye. Mlangoni mwache atangulie, aguse mashine mwenyewe, aseme jina la kituo mwenyewe hata kama litatoka na lafudhi ya Chumbageni. Wewe baki nyuma, toa paundi zako, ulipe nauli yako.